Soksi ya Elphas Mlangoni mwa Mzinga

Jumapili, 16 Machi

Malkia wangu alipotea jana, Jumamosi tarehe 15 Machi, kati ya saa nne na saa sita mchana, hapa hapa kwenye ploti yangu ya Kiamunyi. Naandika mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba sikumbuki vizuri.

Alikuwa malkia wa mzinga wa buluu, mwenye nukta nyeupe mgongoni niliyomtia kwa rangi ya kucha. Watoto wake ndio nyuki pekee ninaowajua ambao unaweza kuwafungulia mzinga ukiwa na blauzi ya mikono mifupi. Hiyo si sifa tu, ni hesabu. Nachukua soksi nyeusi ya Elphas, mume wangu, naijaza matambara, naining'iniza kwa fimbo mlangoni mwa mzinga dakika moja, halafu nahesabu miiba iliyobaki ndani yake. Mzinga wa kawaida hunipa sitini, sabini. Mmoja ulinifikisha mia na kumi na mbili nikaachia hapo. Mzinga wa buluu ulinipa minne mwaka jana, na mitano Januari hii.

Mtu wa mwisho kumshika malkia ni msichana wa kituo cha utafiti cha upande wa Bahati, anaitwa Wachuka. Tangu Januari huja kuchukua mayai. Humfungia malkia juu ya sega tupu, ndani ya kisanduku cha wavu, atage kwa saa chache. Kisha humfungulia kimlango arudi kwa wenzake, naye huondoka na mayai ambayo umri wake unajulikana. Yai la nyuki hukaa siku tatu kabla ya kuanguliwa, na wanayoyatafuta yamo katika siku hizo tatu.

Jana mawingu yalishuka kutoka mlima Menengai, Wachuka akafanya haraka, akaenda. Mchana nilipofungua mzinga nikaukuta unalia ule mlio wa yatima, mrefu, hauna pumzi. Nikampigia simu.

"Mathe, nilimfungulia mlango," akasema; mathe ndiyo mama kwa vijana wa leo. "Labda alitoka akaanguka kwenye nyasi."

Labda. Nimetambaa kwenye nyasi jana mpaka jioni, na leo badala ya kwenda kanisani nimetambaa tena. Elphas amekuja na mwavuli akanikinga nao, na kwa hilo namshukuru.

Jumatatu, 17 Machi

Hakuna. Magoti yananiuma.

Jumanne, 18 Machi

Bwana Mathenge, mwenyekiti wa wakazi, amesimama upande wake wa ua wetu wa miti ya kei-apple akaniita. Yeye alistaafu benki na bado anavaa tai akimwagilia maua.

Ni lazima nieleze yaliyotangulia. Februari nyuki wa mzinga wangu mwingine walimvamia mbwa wake, na wakazi wakakaa wakaamua mizinga iondoke mtaani. Sikubisha. Nilihamisha minane mpaka Sachangwan, mbali na hapa, kwa shemeji. Nikaombea mmoja tu, wa buluu, kwa sababu nilipanga msimu huu niwazalishe mabinti wa yule malkia, nijaze ploti nyuki wapole. Mathenge aliweka sharti kama mtu wa benki: wakazi watakutana Jumamosi ya tarehe 31 Mei, soksi itaning'inizwa mbele yao, na miiba ikizidi kumi, mzinga wa mwisho nao uende. Mimi nilikuja mji huu na kapu la mayai ya kuchemsha ya kuuza. Nyumba hii imejengwa na asali. Kufuga nyuki Sachangwan na kulala Kiamunyi si kufuga, ni kutembelea.

"Mama Cherop, nasikia yule wako mpole amepotea."

"Amepotea."

"Basi si mambo yamejimaliza yenyewe?"

"Ameacha watoto, mzee. Ngoja tarehe yako."

"Tarehe si yangu, ni ya wakazi," akasema, akanyoosha tai.

Jumamosi, 22 Machi

Vyumba saba vya malkia, virefu kama maganda ya karanga, vinaning'inia kwenye masega mawili. Yatima wamechagua mabuu machanga aliyoyaacha mama yao na kuyalisha yawe malkia. Ukiwaacha, wa kwanza kutoka atawaua wengine wote, na mimi nibaki na bahati moja. Nimegawa mzinga katika masanduku matatu, vyumba viwili hapa, viwili pale, vitatu kwa lile la mwisho. Bahati tatu ni bora kuliko moja.

Wachuka amepiga simu mara nne. Sikushika.

Ijumaa, 28 Machi

Wametoka, mmoja kila sanduku. Wembamba, wana woga, wanakimbia mwanga. Kila mmoja sasa anahitaji alasiri moja tu yenye jua, aruke juu sana, akutane na madume, arudi. Akikosa alasiri hiyo kwa majuma matatu hivi, basi tena. Atataga, ndiyo, lakini yai ambalo halikupata mbegu ya dume hutoa dume, na mzinga wa madume watupu hufa njaa.

Mvua imeanza saa saba.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua saa saba.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua saa sita na nusu. Asubuhi jua kali, la dharau.

Jumamosi, 5 Aprili

Yule msichana amekuja bila kuitwa, amevaa gamubuti, hana kisanduku wala kasha la barafu. Amesimama getini mpaka Elphas akamwonea huruma, akamfungulia. Nilikuwa nimekaa mbele ya masanduku. Akaketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, tukatazama mvua pamoja kama watu wasiojuana wanaongoja duka lifunguliwe.

Mwisho nikamuuliza, kwa ukali, ni kitu gani hicho wanachokitafuta ndani ya yai ambalo hata kuliona unahitaji kukunja macho.

"Mathe, yai likitagwa, mama ameshalijaza maagizo. Kichwa kikae huku, mkia huku, gawanyika, gawanyika tena. Saa za kwanza mtoto hana agizo lake mwenyewe. Anafuata ya mama tu."

"Kama mtoto yeyote."

"Halafu vinatokea vipande vidogo sana vya RNA, maandishi ya ndani ya seli. Ukiviandika, ni herufi ishirini na mbili hivi, basi. Vinashika maagizo ya mama na kuyanyamazisha. Yakinyamaza, jeni za mtoto zinaanza kazi."

"Na visipotokea?"

"Mtoto hasongi mbele. Anarudia maagizo ya kuanza mpaka anakufa."

"Kwa hiyo ni vya kumnyamazisha mama."

"Kwa wakati wake. Mapema ni hasara, kuchelewa ni hasara. Ndiyo maana nahitaji mayai ninayojua yana saa ngapi."

Nikamuuliza lile ninalolitaka mimi. Upole wa yule malkia, je, ulikuwa katika maagizo ya mama, au hutoka kwa mtoto mwenyewe akishaanza kazi yake?

"Sijui," akasema. "Pale kwetu hakuna anayejua."

Miaka yote hii wataalamu wamepita kwenye ploti hii na sijawahi kusikia mmoja akisema sijui bila kuongeza mkia. Nikamletea chai. Bado sijamsamehe, lakini chai si msamaha.

Jumatano, 9 Aprili

Sanduku la kwanza halina malkia. Asubuhi kulikuwa na upenyo wa jua, nadhani alitoka, na kwenye waya za stima walikuwepo wale ndege wenye kifua cha rangi ya mdalasini wanaokula nyuki kama njugu. Bahati mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua saa saba. Elphas anataka kujua soksi zake nyeusi ziko wapi. Nimemwambia ziko kazini.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua kutwa. Watoto wa Jumapili ya Matawi wamerudi na makuti yaliyolowa. Wachuka alikuwepo. Huja sasa kila akiwa na nafasi, na hukaa palepale juu ya mtungi. Haombi kitu. Nilidhani anatafuta njia ya kurudi kwenye mayai, lakini hata hayataji.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika haya kabla ya kupika, watu wa nyumba hii wavumilie.

Saa nane mawingu yamepasuka. Wachuka alikuwa upande wa sanduku la pili, mimi la tatu. Nimeketi jinsi anavyoketi mtu aliyeambiwa asipumue. Robo saa ikapita. Ndipo malkia wangu wa tatu akatoka mlangoni, akageuka kulitazama sanduku lake, akachora duara moja angani, la pili kubwa zaidi, akapotea kuelekea Menengai.

"Ameenda," nikasema.

"Wangu hajatoka," akasema Wachuka.

Tukangoja. Wingu moja likaja likafunika jua, kubwa, jeusi chini. Nikaanza kusema na Mungu kwa lugha ya nyumbani. Wachuka akaacha sanduku lake, akaja akachuchumaa pembeni yangu, na nikagundua nimemshika mkono wa koti.

Malkia akarudi. Alitua ubaoni mlangoni kama mzigo uliotupwa, mzito, na nyuma yake alikuwa na uzi mweupe. Uzi huo ni wa dume. Dume hulipia harusi yake kwa uhai, na huo ndio hubaki. Mwenye kuuona hahitaji cheti. Nyuki walimzunguka wakamwingiza ndani. Matone ya kwanza yakadondoka.

Nimecheka. Wachuka hakucheka, alilia, na si machozi ya furaha peke yake. Nimezaa, naijua tofauti. Sikumuuliza.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mayai. Sanduku la tatu na hata la pili. Malkia wa la pili sikumwona akitoka, huenda alitoka siku ambayo sikuwepo, huenda hakutoka. Kujua, ni mpaka mabuu yafungiwe: kifuniko bapa ni kibarua, nyuki wa kazi, kifuniko kilichovimba kama risasi ni dume.

Wachuka, kwa simu: "Mathe, ukinipa mayai kumi tu ya kila sanduku, kwa maabara nitakwambia kesho kama yana baba."

"Hata moja."

"Sawa."

"Hutaniuliza kwa nini?"

"Hapana, mathe. Uko na haki."

Nyama ya mbuzi ilikuwa ngumu. Sikukuu ilikuwa njema.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua, lakini sasa inyeshe tu. Mahindi ya Elphas yamefika kiunoni.

Alhamisi, 1 Mei

Sanduku la pili: risasi tupu, kila kifuniko kimevimba. Malkia wa madume. Nimemtoa mwenyewe kwa kidole gumba, haraka, jinsi inavyotakiwa.

Sanduku la tatu: bapa, mfululizo, kama keki iliyopakwa na fundi. Nimeunganisha nyuki wa masanduku yote na la tatu, nikawarudisha kwenye mzinga wa buluu, ili tarehe 31 asitokee mtu akasema nyuki walikuwa wachache ndiyo maana miiba ikawa michache. Hesabu ikikubali, ikubali kwa haki.

Jumamosi, 10 Mei

Leo watoto wa malkia mpya wameanza kutoka, wenye manyoya ya kijivu, wanayumba kama vifaranga. Nilimwita Wachuka aje aone. Alitazama kidogo, akaweka lenzi yake mfukoni.

"Mathe, malkia wako hakuanguka kwenye nyasi."

Elphas alikuwa anapalilia karibu, akaacha jembe.

Akaeleza. Alifungua kimlango cha kisanduku asubuhi ile, akangoja nusu saa jinsi kitabu kinavyosema. Lakini kitabu kiliandikiwa nyuki wa kwingine. Wetu wakinusa mvua hawatoki, hukusanyika pale walipo. Malkia alijificha ndani ya lile rundo juu ya mayai, naye Wachuka hakuangalia sawasawa, akafunika kwa kitambaa, akatia ndani ya kasha, akaondoka. Walipofungua kule Bahati, alikuwepo. Anatembea juu ya sega, na nukta yake.

"Hai?"

"Hai kabisa. Nikasema nakimbia kumrudisha, pikipiki ilikuwa nje. Daktari Kihara, mkubwa wetu pale kituoni, akasema hapana. Akasema mayai tunayo mengi, ila tunachokosa ni kujua mama anaweka nini kabla ya yai kutagwa, na hicho kimo kwa ovari zake. Akasema Mwenyezi ametuletea. Mimi ndiye nilishika sahani akimpasua. Na yeye ndiye aliniambia, mwambie amepotea."

"Na wewe ukaniambia."

"Nikakuambia. Jana nimemwambia Daktari nakuja kukueleza. Akasema nifikirie digrii yangu. Nimeifikiria."

Elphas akasema, "Huyu mtoto atakunywa chai ama hatakunywa?" Hivyo ndivyo husema akitaka nisifanye jambo nitakalolijutia.

Nimezunguka nyumba mara moja. Kufa kwa malkia si kitu cha kunishangaza. Juzi tu nimeua mmoja kwa kidole changu na nikala chakula. Wangeniambia, Mama Cherop, tumekosea, yuko hapa, tunamtaka, tuuzie, tungegombana na pengine ningekubali. Kinachoniuma ni ile nyasi. Siku mbili nimetambaa kwa magoti ndani ya nyasi iliyolowa, nikifunua jani moja moja, nikitafuta kiumbe ambaye watu wawili walijua hayupo.

Nilipomaliza kuzunguka, Wachuka alikuwa bado amesimama. Hakuketi kwenye mtungi wake.

"Mlipata nini?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Kwake. Kwa ovari. Nimelipia, niambie nilichonunua."

Akaniambia, polepole. Wamepata maagizo mengi ya mama yakiwa tayari ndani ya mayai ambayo hayajatagwa. Wameweka hayo sambamba na mayai ya saa za baadaye, na wanaona jinsi yanavyopungua kila vile vipande vidogo vinavyoongezeka. Ni mzinga mmoja, akasema, lazima irudiwe kwa mingine kabla ya kuamini. Lakini picha ni safi.

"Ni kazi nzuri?"

"Ni kazi nzuri, mathe. Hilo ndilo baya."

Basi akanywa chai. Vikombe viwili. Naona sasa kwamba majuma yote yale alikuwa hangoji malkia tu. Alikuwa anangoja agizo la Daktari linyamaze ndani yake, ili neno lake mwenyewe litoke. Alichelewa. Lakini lilitoka.

Jumamosi, 17 Mei

Soksi: mitatu. Lakini wengi bado ni wachanga, hawajafika umri wa kulinda mlango. Sijidanganyi.

Jumamosi, 24 Mei

Soksi: minane. Inapanda. Madume aliokutana nao angani sikuwachagua mimi, wengine bila shaka ni watoto wa mizinga ya hasira. Mathenge amepita akauliza hali. Nimemwambia namba, maana ningeificha ningekuwa kama Daktari.

"Nane," akasema. "Na juma bado."

"Najua kujumlisha, mzee."

Alhamisi, 29 Mei

Sijapima. Naogopa kuwachokoza. Elphas amenunua pea mpya ya soksi, nyeusi, akaziweka mezani.

Jumamosi, 31 Mei

Wamekuja watu kumi na tisa, wengine wamefunga madirisha ya magari na kukaa humo humo. Wachuka amekuja pia, amesimama nyuma. Nilipotaka kushika fimbo, Mathenge akanyoosha mkono.

"Nitashika mimi. Isije ikasemwa mwenye nyuki ana dawa."

"Vua tai kwanza, inapepea."

"Tai inakaa."

Akaenda mlangoni mwa mzinga wa buluu na fimbo mbele yake kama mtu anayechoma mahindi kwenye moto wa jirani. Soksi ikaning'inia. Nyuki wakatoka, wakaizunguka. Mama mmoja akasema Yesu, kwa sauti ya chini. Mathenge alikuwa anatokwa jasho lakini fimbo haikutikisika, hilo nitalisema popote. Dakika ikaisha. Akarudi nayo hadharani, akavaa miwani, na kwa kibano cha mke wake akatoa mwiba mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti kama noti.

Tisa.

Akageuza soksi ndani nje, akatafuta wa kumi. Hakuna.

"Wakazi," akasema, "sharti lilikuwa kumi. Mzinga unabaki. Na akizalisha mabinti wa huyu, kila mzinga mpya utapimwa hivi hivi."

"Na nani atashika fimbo?" akauliza mtu wa ndani ya gari.

"Wewe," Mathenge akajibu, na hapo ndipo watu walipocheka na milango ya magari ikafunguka.

Tisa si minne. Binti si mama yake, na labda haitakiwi awe. Lakini nina mahali pa kuanzia, nyumbani kwangu. Nimetoa asali, Elphas amechemsha chai ya sufuria kubwa, na ua wa kei-apple umekuwa na watu pande zote mbili mpaka jua kushuka.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekwisha, naona. Miti imeanza maua. Nimekaa nje na kikombe changu, na nimetosheka kama mtu aliyekula akabakiza.

Asubuhi Daktari Kihara ameniandikia kwa simu. Pongezi nyingi. Amesikia malkia mpya ameshika vizuri, angependa kituo kirudi kuchukua mayai ya binti ili yalinganishwe na kazi ya awali, "kabla ya yule malkia wako kupotea kwa bahati mbaya." Hamtaji Wachuka.

Nimeandika jibu hapa kwanza, nitalinakili kwake nikimaliza chai.

*Daktari, asante kwa pongezi. Mayai yapo, na kazi yenu naiheshimu, nimeelezwa na anayeielewa. Mtapata mayai kwa masharti mawili. La kwanza, Wachuka ndiye atakayeyachukua, na digrii yake iendelee bila kuguswa. La pili ni swali, na jibu lake ninalo tayari, ila nataka kulisoma kwa maneno yako, si ya mwanafunzi. Usinieleze umuhimu wa utafiti. Usiniambie mnalishughulikia. Jumamosi ya tarehe 15 Machi, mlipofungua kasha kule Bahati, malkia wangu alikuwa hai? Andika ndiyo au hapana. Nangoja mpaka Ijumaa hii, tarehe 6, saa nne asubuhi.*